Mkeka wa Pilates na paja la winga

Kwa kijana wa Tanga anayefuatilia mpira, ukitaja mkeka anawaza kwanza ule wa kubeti, unaochanika dakika ya 90. Siku hizi kuna mkeka mwingine unaosifiwa: wa Pilates, yale mazoezi ya taratibu ya kudhibiti mwili na pumzi, ukisimamiwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, kama kinga ya majeraha kwa wanamichezo wa ushindani. Nilipoutaja kwenye kijiwe cha kahawa Ngamiani, kocha mmoja wa timu ya mtaa alinikata kauli: "Mgosi, mchezaji alale chini apumue, halafu Jumamosi amkabe nani?"

Tulicheka, lakini swali lake lina uzito kuliko alivyodhani mwenyewe.

Joseph Pilates, Mjerumani aliyezaliwa 1883 na aliyebuni mazoezi hayo, hakuwa tabibu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walimweka kizuizini, na miaka ya 1920 akahamia New York, ambako wacheza dansi ndio waliompa jina. Wataalamu wa viungo waliingia baadaye sana. Mwaka 1996 watafiti wa Australia, Hodges na Richardson, walionyesha kwamba mtu mwenye maumivu ya mgongo anaponyanyua mkono, msuli wa ndani kabisa wa tumbo huchelewa kukaza. Kwa mtu mzima wa afya, msuli huo hutangulia. Kliniki zikatafuta mazoezi ya taratibu ya kuuzindua, na mkeka wa Pilates ulikuwa tayari umetandikwa.

Wanaoutetea wana hoja ambayo kocha wangu hakuifikia. Mwili uliowahi kuumia hujifunza kuiba. Winga aliyechanika msuli wa paja miezi mitatu iliyopita anakimbia vizuri tu machoni pa watu, kumbe kiuno kinazunguka na mguu mzima unabeba mzigo wa mwenzake. Kwenye mbio huoni kitu. Mlaze chali, mwambie anyanyue makalio, kisha anyooshe mguu mmoja bila kuinamisha nyonga, na wizi wote unajitokeza. Hapo jicho la mtaalamu linafanya kazi ambayo mwalimu wa mazoezi aliyejifunzia kwenye video hawezi: kujua kama huo ni udhaifu, woga, au jeraha ambalo halijapona.

Yuko pia mchezaji wa netiboli anayerudi uwanjani baada ya kujifungua. Huyu nadhani ndiye anayeuhitaji mkeka kuliko wanaume wote wa Coastal Union na African Sports kwa pamoja. Misuli ya tumbo imetanuka, ile ya sakafu ya nyonga, inayoshikilia kibofu, imechoka, naye anaambiwa akakimbie kwenye mchanga wa Raskazone "apunguze kitambi". Akivujwa na mkojo anaporuka, hamwambii kocha, anaacha mchezo kimyakimya. Mazoezi ya pumzi na nyonga chini ya mtaalamu anayejua kuuliza maswali hayo kwa staha yanaweza kumrudisha mchezoni.

Sasa turudi kwa paja la winga, kwa sababu hapo ndipo sifa za mkeka zinapovuka mpaka. Msuli wa nyuma ya paja mara nyingi huchanika mchezaji akiwa kwenye kasi ya juu, mguu ukiwa mbele unakaribia kutua. Wakati huo msuli unavutwa huku ukijaribu kuuzuia mguu, na nguvu yake ni kubwa mno. Huwezi kuuandaa kwa hali hiyo kwa kunyanyua miguu polepole. Unauandaa kwa kuubebesha mzigo.

Na dawa ipo, haina gharama. Piga magoti, mwenzako akushike vifundo vya miguu, kisha jishushe mbele polepole ukijizuia mpaka ushindwe. Ndilo zoezi linaloitwa Nordic. Uchambuzi wa mwaka 2019 uliojumuisha tafiti 15 na wanamichezo zaidi ya 8,000 ulionyesha kwamba programu zenye zoezi hilo hupunguza majeraha ya msuli huo kwa takriban nusu. Limo pia kwenye FIFA 11+, mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 20. Pilates haina ushahidi wa kiwango hicho kwa majeraha ya uwanjani. Hata kwa maumivu ya mgongo, ambako imechunguzwa zaidi, mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, yaliona inamsaidia mgonjwa kuliko kutofanya kitu, ila hayakuthibitisha kwamba inazishinda aina nyingine za mazoezi.

Australia kwenyewe, serikali iliiondoa Pilates kwenye malipo ya bima binafsi mwaka 2019 na kuirudisha 2025. Katikati ya hapo, mtaalamu wa fiziotherapia aliyetumia mazoezi kama hayo ndani ya tiba yake aliendelea kulipiwa. Mimi naona walipima vizuri: kilicholipiwa ni utaalamu, mkeka ulikuwa chombo tu.

Kwa mji kama Tanga, ambako wataalamu hao ni wachache, kumweka mmoja aongoze darasa la mawinga 20 wazima ni kumpoteza. Awapime wote kabla ya msimu, abaki na walioumia, wenye mgongo na akina mama wanaorejea. Waendesha baiskeli pia, maana saa tatu mfululizo ukiwa umeinama zina deni lake. Waliobaki kocha awape Nordic.

Kuna jambo moja linanisumbua katika msimamo wangu huu. Nordic inauma. Asubuhi yake wachezaji wanatembea kama wazee, na wiki ya tatu nusu yao wanadai wana msiba. Darasa la mkeka watu hulipenda na hurudi, na zoezi bora ambalo halifanywi halimlindi mtu.

Nilimweleza kocha yote hayo, akawa anatikisa kichwa tu. Nikamwomba asimame mguu mmoja, akunje goti kidogo, kama nilivyowahi kuona mtaalamu akifanya. Goti likakimbilia ndani, akashika ukingo wa meza, kahawa ikamwagika.

"Hilo la zamani," akasema akilipapasa. "La uwanja wa Mkwakwani. Huyo mtaalamu wako anakaa siku gani?"