Laptopu Yangu Ina Bosi Wake

Jamani, hii laptopu nimeinunua Kariakoo kwa hela yangu. Risiti ninayo, tena ya mashine ya EFD, siyo ile ya kuandikwa kwa bikpeni. Sasa kila jioni inaniletea ujumbe: kuna sasisho la BIOS (ile programu ya ndani inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows), lisakinishe kwa usalama wako. Haya, nani hapendi usalama? Nachomeka chaja, maana bila chaja haitaki hata kusikia. Nabonyeza. Inazima, inawaka, skrini nyeusi, halafu inauliza: neno la siri la msimamizi?

Msimamizi gani? Humu ndani msimamizi si mimi? (Mke wangu alikohoa tu.)

Ukibahatisha mara 3 inagoma, mpaka uizime uanze upya. Tumejaribu majina ya watoto wote, hadi la paka. Wapi!

Fundi akaigeuza, akaonyesha gundi pale stika ya namba ya ofisi ilipobanduliwa. "Bosi, huu mtumba wa kampuni ya Ujerumani. Mtu wao wa IT aliifunga BIOS ili wafanyakazi wasichezee mipangilio." Hapo nikaelewa kwa nini Z imekaa pa Y. Ukiandika haraka "hela yangu" inatoka "hela zangu", na vyovyote utakavyoandika, hazipo. Kwa hiyo kuna Mjerumani, pengine kashastaafu, anakunywa chai yake huko, na ndiye mwenye sauti kwenye laptopu iliyopo sebuleni kwangu Mbagala.

Washauri nao hawakosekani. Jirani kasema piga Windows upya. Nikapiga. Hamna kitu, neno la siri halikai kwenye diski, limejificha kwenye chipu ya mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani; hata ukibadili diski linakusubiri palepale. Shemeji naye akaja na bisibisi: "Toa kile kibetri cha saa, itasahau kila kitu." Shemeji elimu yake ni ya kompyuta za mezani za zamani, zile kweli zilikuwa zinasahau. Kwenye hii tukakitoa, tukakirudisha. Saa imesahau. Tarehe imesahau, inadai tuko mwaka mwingine kabisa. Neno la siri imelikumbuka vizuri tu!

Tukarudi kwa fundi. Anasema dawa ipo: anaifungua, anabana ile chipu kwa klipu, anaisoma kwenye mashine yake, anaiandika upya. Bei aliyotaja sikuijibu, nilijifanya napokea simu. Na kubadilisha mazabodi nzima ndiyo usiulize, bora ununue laptopu nyingine.

Nikajikaza, nikasema haya, fanya. Akashika bisibisi, akasita.

"Ila bosi, BitLocker, lile kufuli la Windows la kufunga diski, si imewashwa? Nikigusa BIOS inaweza kudai ufunguo wa kurejesha. Unao?"

"Ufunguo gani tena?"

"Tarakimu 48."

Arobaini na nane! Mimi namba ya NIDA ina tarakimu 20 tu, na mpaka leo nikiulizwa natoa kadi mfukoni.