Janga la mafua likija, dereva wa 115 tumemuandaaje?

Habari za kujiandaa na janga la mafua zikianza kuzungumzwa, utasikia vitanda, oksijeni na mashine za kupumulia. Sina ubishi, vyote vinahitajika. Ila mgonjwa wa kijijini lazima kwanza atolewe nyumbani afikishwe huko kwenye oksijeni, na anayemfikisha ni nadra kusikia akitajwa.

Kwa Tanzania, huyo anaweza kuwa dereva jamii wa m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa akina mama na watoto wachanga. Mpango huu ulianzia Sengerema na Buchosa, ukaenda Shinyanga, na Aprili 2022 Rais Samia akauzindua kitaifa. Mama mjamzito, aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, watu wanapiga 115 bure. Mratibu anauliza hali, anatafuta gari. La wagonjwa likiwa mbali, anapigiwa dereva wa jirani mwenye Noah au Probox yake, naye akishamfikisha mgonjwa analipwa kwa simu. Kwa maoni yangu ni katika mambo bora kabisa tuliyowahi kufanya kwenye afya, na ndiyo maana naogopa likitikisika.

Mafua ya kila siku wengi wetu tunayamaliza kwa tangawizi na ndimu. Ya janga huletwa na kirusi kipya ambacho miili haijakizoea. Mwaka 1918 yaliua watu wanaokadiriwa kufikia milioni 50 duniani, na Afrika Mashariki yaliingia kwa meli, yakapanda bara kwa reli. H1N1 ya 2009, yaani mafua ya nguruwe, ilikuwa nafuu zaidi. Lakini mara zote mbili wajawazito walizidiwa kuliko wengi wa rika lao. Yaani walewale ambao 115 iliwekwa kwa ajili yao.

Sasa fikiria Probox ile. Vioo vimepandishwa kwa sababu ya vumbi, mama anakohoa kiti cha nyuma, mama mkwe na wifi wamembana huku na huku, na hospitali iko mwendo wa saa nzima. Mwenye mafua huanza kuambukiza yapata siku moja kabla hajajisikia vibaya, kwa hiyo hata wifi mzima wa afya si wa kuaminiwa. Asubuhi gari hilohilo linapakia abiria wa mnadani.

Dawa ya hapo haina gharama kubwa. Mratibu aongeze maswali mawili: kuna homa na kikohozi? Kuna mwingine anaumwa hapo nyumbani? Dereva aambiwe majibu kabla hajawasha gari. Mgonjwa avae barakoa ya kawaida, dereva N95 (barakoa inayochuja hewa zaidi), vioo vishushwe (vumbi tutalivumilia), ndugu awe mmoja, na viti vifutwe kwa sabuni baada ya safari. Barakoa ziwe ndani ya gari tangu sasa. Zikikaa bohari ya mkoa hazitamsaidia mtu saa nane za usiku.

Na simu je? Machi 2020, kwa ajili ya korona, New York ilipokea simu za dharura zaidi ya 6,000 kwa siku, wakati kawaida ni kama 4,000, huku karibu robo ya wahudumu wa magari ya wagonjwa wakiugua. London ilibidi wazimamoto waendeshe magari ya wagonjwa. Sisi tuanze mapema kuwazoesha watu kwamba mwenye kikohozi tu apige 199 ya Wizara ya Afya, 115 ibaki kwa anayetokwa damu.

Kinachonisumbua zaidi ni pesa. Dereva jamii hulipwa kwa safari. Akilala na homa siku tano hapati kitu, basi atameza Panadol, aitike simu, ampakie mama mwingine. Alipwe fidia ya siku za kuugua, hata kama ni nusu ya anachopata. Chanjo ya kirusi kipya nayo huchukua takriban miezi sita kutengenezwa, na ikifika itaanza na watumishi wa afya. Yeye hayumo kwenye daftari la mishahara. Halmashauri zimuingize sasa hivi kwenye kundi la kwanza. Majina hayahitaji kutafutwa, maana ndiyo hayohayo mratibu anayoyapigia simu kila usiku.