Robo tatu au yote? Mikwaju ya handikapu kwenye mechi za ana kwa ana

Kila mashindano ya mtoano yanapokaribia katika klabu za gofu za Arusha na Moshi, ubishi mmoja huibuka. Ni juu ya handikapu, namba inayoonyesha uwezo wa mchezaji: ikiwa ndogo ni hodari, na mwenye ndogo humpa mwenye kubwa mikwaju, yaani mpinzani hupunguziwa mkwaju kwenye hesabu ya baadhi ya mashimo. Wachezaji wenye handikapu ndogo wanalalamika kwamba wanatoa mikwaju mingi mno kwa wapinzani wao, na wanataka tofauti ya handikapu ikatwe, mpinzani apewe robo tatu tu. Wenye handikapu kubwa wanajibu kwamba hata wakipewa yote bado wanafungwa. Mimi niko upande wa kutoa tofauti yote, asilimia 100. Hata hivyo, madai ya wenye handikapu ndogo ni mazito, na kuwajibu kwa kusema tu kwamba kanuni ndivyo zilivyo ni kuwakosea heshima.

Mfumo wa Handikapu wa Dunia ulianza mwaka 2020. Unachukua kadi 20 za mwisho za mchezaji, yaani karatasi za matokeo yake, unachagua 8 zilizo bora, na wastani wa hizo, zikishalinganishwa na ugumu wa viwanja zilikochezwa, ndio unaoitwa indeksi. Indeksi hiyo hurekebishwa kulingana na uwanja unaochezewa, kwa kipimo kinachoitwa slopu, ambacho kiwango chake cha kawaida ni 113. Mwenye indeksi ya 4.0 akikutana na mwenye 18.4 kwenye uwanja wa slopu 113, atampa mikwaju 14. Mechi hiyo hiyo ikihamia uwanja wenye slopu 130, wakiwa wamepigia tii moja, yaani mahali pamoja pa kuanzia, atampa 16. Uwanja mgumu humuumiza asiye hodari kuliko unavyomuumiza hodari, na hesabu inalitambua hilo.

Kwa huku kwetu kipengele hiki kina maana kubwa. Anayetoka Gymkhana ya Arusha, anakozunguka mashimo tisa mara mbili, akaenda Kili Golf kucheza mashimo 18, au akashuka hadi uwanja wa TPC, kiwanda cha sukari karibu na Moshi, kwenye joto la mashamba ya miwa, hakutani na mtihani ule ule. Hata mwinuko unahesabika: Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mpira unaruka mbali zaidi kuliko tambarare za Moshi, na wapimaji wa viwanja huuingiza mwinuko huo kwenye urefu wanaoukadiria. Kwa hiyo wanaopatana pembeni ya tii ya kwanza kwa indeksi tupu, “Mzee, nitakupa kumi na nne, sawa?”, tayari wamekwenda kando ya hesabu kabla ya mpira wa kwanza kupigwa.

Baada ya hapo ndipo inapoingia asilimia. Mwongozo wa mfumo unapendekeza asilimia 95 kwa mchezo wa mtu mmoja mmoja wa kuhesabu mikwaju, asilimia 90 kwa mechi za wawili dhidi ya wawili ambapo kila mmoja ana mpira wake, na asilimia 100 kwa mechi ya ana kwa ana. Zamani haikuwa hivyo. Uingereza kwa miaka mingi ilitoa robo tatu ya tofauti, na wapo wazee kwenye klabu zetu waliojifunza gofu kwa desturi hiyo na hadi leo wanaiona ndiyo ya haki.

Wanaotaka robo tatu wanaeleza hivi. Katika mechi ya ana kwa ana tunahesabu mashimo yaliyoshindwa, siyo jumla ya mikwaju. Mwenye handikapu ya 21 akiingia kichakani, akatoka, akaingia mchangani, akafikisha mikwaju tisa kwenye shimo moja, anaokota mpira wake na kupoteza shimo moja tu. Kwenye mchezo wa kuhesabu mikwaju, shimo hilo lingemfuata hadi jioni. Handikapu yake imejengwa na kadi zilizobeba madhara ya mashimo ya namna hiyo, kisha analetwa kwenye mchezo ambao madhara hayo hayamfuati. Ndiyo maana, wanasema, namba yake inamfanya aonekane dhaifu kuliko alivyo. Na wanaongeza kwamba mwongozo wenyewe umekiri jambo hilo ulipokata asilimia 10 kwenye mechi za wawili wawili.

Hoja hiyo ni ya kweli hadi hapo ilipofika. Shida ni kwamba imeishia njiani.

Tumchukue mwenye handikapu ya 5 na mwenye 21. Namba hizo zimetokana na kadi bora 8 kati ya 20, kwa hiyo hazituambii jinsi mtu anavyocheza siku ya kawaida. Zinatuambia anavyocheza siku zake nzuri. Mchezaji hodari hatangatangi sana, kadi zake hukaa karibu karibu. Siku ya kawaida tuseme anacheza kama mtu wa 7. Yule wa 21 kadi zake zimetawanyika, na siku ya kawaida anaweza kucheza kama mtu wa 25. Pengo lao halisi ni mikwaju 18, naye anapewa 16. Kwa hiyo hata tofauti yote ikitolewa, hodari anaanza na akiba ya mikwaju miwili. Ikikatwa hadi robo tatu, mpinzani anapewa 12, na akiba hiyo inakuwa sita.

Kwa hiyo zipo nguvu mbili zinazovutana. Kuchagua kadi bora 8 kunambeba hodari. Kuhesabu mashimo badala ya mikwaju kunambeba dhaifu. Ubishi mwingi ninaousikia unatokana na kila upande kushika nguvu moja na kuikana nyingine. Lakini ukiangalia kwa makini, nguvu zote mbili zinamhusu mtu wa aina moja: yule ambaye mchezo wake hautabiriki.

Hapa tutengane kidogo na namba na tuwaangalie watu. Wapo wachezaji wa 21 wa aina mbili, na kila mwanachama wa klabu anawajua. Wa kwanza ni mzee anayepiga mpira mfupi, ulionyooka, haendi kichakani, hakumbwi na shimo la mikwaju tisa, na karibu kila shimo anamaliza kwa mkwaju mmoja zaidi ya unaotakiwa, mengine mawili. Wa pili ni kijana mwenye nguvu ambaye anapiga shimo moja kama bingwa na linalofuata analiharibu kabisa. Wote wameandikwa 21. Wastani wa siku ya kawaida wa mzee tuseme ni 23, wa kijana ni 26.

Kijana anaumizwa na kanuni ya kadi 8, kwa sababu siku zake za kawaida ziko mbali na namba yake. Papo hapo anasaidiwa na kuhesabu mashimo, kwa sababu mashimo yake mabaya yanamgharimu shimo moja moja tu. Kwa sehemu kubwa madhara na nafuu vinafidiana. Mzee hana madhara makubwa wala nafuu kubwa: dhidi ya hodari anayecheza kama mtu wa 7, pengo lake la siku ya kawaida ni mikwaju 16 kamili, sawasawa na anayopewa. Sasa kata robo. Kijana anaweza kuponea kwenye siku yake nzuri. Kila shimo lina namba ya ugumu, 1 hadi 18, na mikwaju hutolewa kuanzia namba 1. Mzee anapoteza mikwaju minne kwenye mashimo yenye namba ya ugumu 13 hadi 16, na hana mashimo ya miujiza ya kuirudisha. Robo tatu inatungwa kumdhibiti kijana, kisha inamwadhibu mzee ambaye hakuna aliyemlalamikia.

Hiyo ndiyo sababu yangu kubwa, na sijakutana na jibu lake kutoka kwa wanaotaka kukata.

Vipi basi kuhusu zile asilimia 90 za wawili wawili? Pale mambo ni tofauti kwa sababu mwenzako anakufunika. Kijana akiharibu shimo, mpira wa mwenzake ndio unaohesabiwa. Akilipiga vizuri, wake ndio unaohesabiwa. Timu inavuna mazuri ya kila mmoja na kutupa mabaya. Kwenye ana kwa ana hakuna wa kukufunika. Na zile asilimia 95 za kuhesabu mikwaju zinatokana na wingi wa washindani: wachezaji 60 wakishindana kwa siku moja, miongoni mwa wasiotabirika atapatikana mmoja ambaye siku hiyo ni ya kwake, naye ndiye atakayechukua kombe. Kwenye mtoano unamkabili mtu mmoja kwa wakati. Anayebahatika Jumamosi lazima abahatike tena wiki ijayo, na tena nyingine. Hoja ya wingi haipo.

Wenye handikapu ndogo wana jambo jingine ambalo hesabu haiwezi kulifuta, nalo ni uchungu wa kucheza vizuri na kuambulia sare. Unapiga mpira wa pili hadi grini, kwenye nyasi fupi zenye shimo, unamaliza shimo kwa mikwaju minne bila kosa hata moja, na aliyepiga mitano anaondoka sare nawe. Shimo baada ya shimo. Uchungu huo nauelewa, na wengi wanaoubeba ni vijana waliokulia kwenye ukedi, kazi ya kuwabebea wachezaji mifuko, walioupata uwezo wao kwa miaka ya jasho kabla ya kuruhusiwa kushindana. Kwao ninadhani dawa ni kuwa na kombe la mtoano lisilo na handikapu, lichezwe kwa uzito ule ule na litangazwe kwa heshima ile ile. Klabu inayotoa zawadi nono kwa neti, matokeo yaliyopunguzwa handikapu, na kikombe kidogo kwa grosi, yasiyopunguzwa, inawaambia vijana hawa jambo baya. Lakini kombe la handikapu lina kazi yake: kuwawezesha watu wawili wasiolingana kucheza mechi isiyojulikana mshindi mapema.

Mahali pengine pa kuangalia ni namba za ugumu wa mashimo, kwa sababu tofauti yote ikitolewa, swali linakuwa mikwaju inaangukia wapi. Mwongozo unashauri mashimo yenye namba ndogo kabisa yasiwekwe mwanzoni wala mwishoni, na mikwaju isambae uwanja mzima. Mechi ikiisha sare na ikaendelea, mikwaju hutolewa vile vile kwenye mashimo ya nyongeza. Kama shimo la kwanza lina namba ndogo, mwenye kupewa anaingia kwenye shimo la kifo, ambalo akilishinda mechi imekwisha, akiwa na mkwaju mkononi. Kwenye viwanja vya mashimo tisa, ambako shimo moja hubeba namba mbili, ya mzunguko wa kwanza na ya pili, kamati inapaswa kulitazama hili kwa makini zaidi.

Na kuna kadi zenyewe. Wanaovimbisha handikapu kwa kurudisha kadi mbaya tu wamewekewa mipaka: indeksi ikipanda zaidi ya 3.0 juu ya ile ya chini kabisa ya siku 365 zilizopita, ongezeko linalozidi hapo hukatwa nusu, na haiwezi kabisa kupanda zaidi ya 5.0 juu ya hiyo ya chini. Anayetaja handikapu kubwa kuliko yake kabla ya mechi, akapata mikwaju isiyo haki yake, anaondolewa. Mipaka hiyo inafanya kazi pale tu kadi zinaporudishwa. Mtu mwenye kadi tatu anapewa indeksi kutokana na iliyo bora, ikapunguzwa 2.0, na indeksi ya namna hiyo haimweleweshi mtu yeyote. Inaweza kumwonea mgeni, inaweza kumwonea atakayekutana naye.

Kwa mashindano yajayo ningeomba kamati ziache asilimia 100 ilivyo, ziweke kiwango cha chini cha kadi kwa anayeingia mtoano, na zihesabu hata kadi za mchezo wa kawaida wa katikati ya wiki, akiwapo wa kuzithibitisha. Kedi wa zamani aliyecheza miaka mingi bila kuandikiwa kadi asifungiwe mlango kwa sharti hilo. Apewe uwanja bila malipo kwa mizunguko ya kutosha kabla ya droo, na mwanachama wa kumsainia.