Mwaka upi ungeuchagua?

Sweta langu la kwanza la Kimarekani nililinunua Ilala, soko la Karume, kwenye rundo la mtumba. Zito, buluu iliyokolea, na kifuani herufi M kubwa ya njano. Mimi ni Yanga. Nilipoiona njano sikuuliza zaidi, nikalipa, nikalitia begini. Novemba ile nilipotua Columbus, Ohio, baridi ilinipokea kwa makofi, nikalivaa na kutoka nalo barabarani kwa amani zote. Sikufika kona ya pili. Mzee mmoja aliyekuwa akikusanya majani makavu mbele ya nyumba yake alinisimamisha, akanitazama kifuani kama aliyeona nyoka sebuleni, kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Kijana, ligeuze ndani nje. Wiki hii usipite hapa na kitu hicho."

Nikaligeuza. Mgeni ni mgeni.

Baadaye ndipo nikaelewa. M ile ni ya Michigan, jimbo la jirani upande wa kaskazini, na wiki ile ilikuwa wiki ya mechi. Pale Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, yaani Ohio State, herufi M kwenye vibao zilikuwa zimebandikwa X ya utepe mwekundu, jengo baada ya jengo. Mashabiki wenzangu wa leo hata jina hawalitaji, wanasema "ile timu ya kule kaskazini". Mimi hapa nitalitaja, wanisamehe, la sivyo hatutaelewana.

Kwa ambaye hajawahi kuutazama: huu si mpira wetu wa miguu, ni ule wa Kimarekani, mpira wenye ncha mbili, wachezaji wamevaa helmeti, na tachidauni moja, yaani kuufikisha mpira ng'ambo ya mstari wa mwisho wa mpinzani, ina pointi 6. Wanaocheza ni wanafunzi wa vyuo vikuu, lakini usije ukawaza UMISETA. Uwanja wa Ohio State, wanaouita Kiatu cha Farasi kwa umbo lake, unaingiza watu 102,780. Wa Michigan, mjini Ann Arbor, unaingiza 107,601. Uwanja wa Mkapa tunaojivunia ni 60,000. Tena Jumamosi ya mwisho ya Novemba, hata kukiwa na theluji, hukuti kiti kitupu.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike. Jamaa mmoja ninayefanya naye kazi ghalani, mzaliwa wa hapahapa Columbus, ana swali ambalo hunirushia kila tukikaa kula: kati ya msimu wa 2024 na wa 2025, ungeuchagua upi?

Msimu wa 2024, tarehe 30 Novemba, Michigan walikuja kwetu wakiwa wamechoka kabisa. Walikuwa wameshapoteza mechi 5. Sisi tulikuwa wa pili kwa ubora nchi nzima, na wacheza kamari walitupa ushindi wa pointi kama 20 hivi. Kwotabeki wao, yaani mrushaji mkuu wa mpira, alirusha mpira yadi 62 tu kwa mechi nzima, akanyang'anywa mara mbili. Timu ya namna hiyo inafungwa hata na timu ya mtaani. Wakatufunga 13 kwa 10. Mpiga mpira wetu alikosa mara mbili kuupitisha katikati ya nguzo, wao wakaupitisha zikiwa zimebaki sekunde 45. Kisha wakachomeka bendera yao katikati ya uwanja wetu, ngumi zikaanza, polisi wakapuliza dawa ya pilipili, na kila chuo kikatozwa faini ya dola 100,000. Mbunge mmoja wa Ohio akapeleka muswada bungeni kutaka kuchomeka bendera pale katikati kuwe kosa la jinai. Nilicheka hadi machozi, ingawa machozi yenyewe yalikuwa ya jambo jingine.

Hiyo ilikuwa mara ya nne mfululizo. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliotaka kocha Ryan Day aondoke, sifichi. Kwa utaratibu wa zamani, ndoto ya ubingwa ingekuwa imekwisha palepale. Lakini msimu uleule ndio walioongeza timu za mchujo wa ubingwa wa taifa kutoka 4 hadi 12, nasi tukaingia. Vijana wakacheza kama waliokunywa dawa ya babu. Tennessee 42 kwa 17. Oregon, waliokuwa hawajapoteza mechi, 41 kwa 21. Texas 28 kwa 14. Na tarehe 20 Januari 2025, mjini Atlanta, Notre Dame 34 kwa 23. Mabingwa wa Marekani. Nilikumbatiana na watu ambao hadi leo sijui majina yao.

Msimu wa 2025 ukawa kinyume chake. Tukaenda Ann Arbor tukiwa hatujapoteza mechi, tukawafunga 27 kwa 9. Hawakupata tachidauni hata moja. Miaka minne ya kuinamisha kichwa ikaisha kwa saa tatu. Wiki iliyofuata tukacheza na Indiana fainali ya ligi yetu, Big Ten, tukafungwa 13 kwa 10, matokeo yaleyale kama yaliyonakiliwa. Mkesha wa mwaka mpya Miami wakatutoa kwenye mchujo, 24 kwa 14. Ubingwa wakachukua Indiana. Ndiyo, Indiana, timu ambayo nilipofika huku watu waliihesabu kama mapumziko.

Basi mwaka mmoja tulifungwa na mtani tukatwaa ubingwa, na mwaka uliofuata tukamfunga mtani tukatoka kapa. Ungeuchagua upi?

Kwa muda mrefu nilimjibu jamaa yangu kishujaa: 2025, bila kufikiri. Nikimwambia wewe hujui, sisi tulikozaliwa ukimfunga Simba umeshakula mwaka. Ni uongo. Nikikaa peke yangu usiku na kujiuliza, jibu ni 2024. Ningekula kichapo kile tena, na bendera, na Jumatatu ile kazini, ili niirudie Januari ile ya Atlanta. Hilo ndilo linaloniudhi, kwa sababu miaka hamsini iliyopita swali lenyewe lisingeweza kuulizwa.

Chukua 1973. Ohio State na Michigan walikutana Ann Arbor, wote hawajapoteza mechi. Upande mmoja kocha wetu Woody Hayes, upande wa pili kocha wao Bo Schembechler, ambaye alicheza chini ya Hayes, akawa msaidizi wake hapa Columbus, kisha akaenda kaskazini kumpiga mwalimu wake kwa mbinu alizofundishwa naye. Mwaka 1969, msimu wake wa kwanza tu Michigan, alimfunga Hayes 24 kwa 12 wakati Ohio State ndio waliokuwa wa kwanza nchini. Kuanzia hapo ikawa vita ya miaka kumi, na haikuwa utani wa jadi hata kidogo. Kwetu mtani wako anakuja msibani kukutania. Hawa walikuwa hawacheki.

Mechi ya 1973 iliisha sare, 10 kwa 10. Na kanuni ya ligi yao, Big Ten, enzi hizo ilikuwa kali: timu moja tu ndiyo iliyoruhusiwa kucheza baada ya msimu, nayo ilikwenda kwenye mechi ya Rose Bowl kule Pasadena, California. Nyingine zote nyumbani. Kwa kuwa hapakuwa na mshindi, wakurugenzi wa michezo wa vyuo vya ligi wakapiga kura. Ohio State walikuwa wamekwenda mwaka uliotangulia, kwa hiyo wengi waliamini zamu ni ya Michigan. Kura zikatoka: Ohio State. Inasemwa sababu kubwa ni kwamba kwotabeki wa Michigan, Dennis Franklin, alikuwa amevunjika mfupa wa bega katika mechi ileile. Schembechler alikaa na kinyongo hicho hadi uzeeni.

Tazama walichovuna vijana wale wa Michigan. Kuanzia 1972 hadi 1974 walishinda mechi 30, wakatoka sare 1, wakapoteza 2. Zile mbili walipoteza kwa Ohio State, na ile sare ilikuwa ya Ohio State. Miaka mitatu, mechi 33, na hawakucheza hata mechi moja ya baada ya msimu. Ni dhuluma, na mimi shabiki wa upande wa pili nakiri hivyo. Wenyewe waliona aibu, kanuni ikalegezwa kuanzia msimu wa 1975.

Lakini dhuluma ileile ndiyo iliyoipa mechi uzito. Mtu aliyekuwa uwanjani siku ile alijua kwamba kikikatika leo hakiungwi. Hakuna mlango wa nyuma. Hata 2006, tulipokutana sisi wa kwanza na wao wa pili, siku moja tu baada ya Schembechler kufariki, tukashinda 42 kwa 39, bado ilikuwa vile. Walikuwepo waliotaka Michigan wapewe nafasi ya kurudiana nasi kwenye fainali. Wapiga kura wakawachagua Florida, na Florida wakatutandika 41 kwa 14. Kichapo kile kiliuma, ila hakuna aliyeweza kuniambia kwamba ile mechi ya Novemba haikuhesabika.

Leo mlango wa nyuma uko wazi, na wanataka kuupanua. Kuna mazungumzo ya kufikisha timu 16, wengine wanasema 24. Ikifika 24, Ohio State na Michigan watakutana Novemba wote wakiwa wameshajihakikishia nafasi, na nitaona kocha anampumzisha kwotabeki wake ili asiumie. Ikitokea siku hiyo, nitalivaa lile sweta la Karume na kupita nalo mbele ya nyumba ya yule mzee.

Watu wengi wa hapa, ukiwauliza nani kaharibu mambo, wanawanyooshea kidole wachezaji. Wanasema tangu vijana waruhusiwe 2021 kuuza majina na sura zao, na tangu Julai 2025 vyuo viruhusiwe kuwalipa moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, mapenzi yameisha. Wanalalamika kwamba dirisha la usajili halifungwi, kijana leo yuko Ohio, kesho Texas. Hapo mimi na wao tunaachana njia. Kijana anavunja mfupa wa bega mbele ya watu laki moja, na kocha wake analipwa mamilioni, halafu unamwambia acheze kwa ajili ya karo na heshima? Alipwe. Kwotabeki wetu wa mwaka wa ubingwa, Will Howard, alitoka Kansas State kwa dirisha hilohilo, na sikusikia shabiki hata mmoja akikataa kombe kwa sababu yake.

Aliyeharibu ni televisheni. Big Ten ilisaini mkataba wa zaidi ya dola bilioni 7 na vituo vitatu, Fox, CBS na NBC, na kuanzia 2024 ligi iliyokuwa ya majimbo jirani ikawa na vyuo 18, kutoka Los Angeles hadi New Jersey. UCLA na Rutgers ni wa ligi moja. Huko ni bahari hadi bahari, ni sawa na kuichezesha timu ya Dar ligi ya Dakar. Utani wa jadi hauzaliwi kwa ndege. Huu wetu ulizaliwa kwa ardhi: mwaka 1835 Ohio na Michigan walipeleka wanamgambo mpakani kugombea ukanda wa Toledo, na mechi ya kwanza ya mpira ilikuja 1897, Michigan wakashinda 34 kwa 0. Mwaka 1950 walicheza hapa Columbus ndani ya tufani ya theluji, timu mbili zikaupiga mpira mbele kwa mguu mara 45 kwa sababu hakuna aliyeona pa kukimbilia, na watu hawakuondoka. Kitu kama hicho hakitengenezwi ofisini.

Lakini ofisini kinaweza kuuawa. Oklahoma na Oklahoma State walianza kukutana 1904. Oklahoma walipohamia ligi nyingine kufuata pesa, mechi hiyo ikafutwa. Ya mwisho ilikuwa 2023, Oklahoma State wakashinda 27 kwa 24, na sasa wana miaka ya kutamba wapendavyo maana hakuna wa kuwanyamazisha. Watu wa jimbo moja, wa kanisa moja, wa ndoa moja, na hawana tena Jumamosi yao. Nikifikiria Simba na Yanga wakitenganishwa kwa sababu kituo fulani kimetaka hivyo, naona giza.

Jamaa yangu wa ghalani haafikiani nami. Anasema timu 12 zimempa baba yake furaha ambayo asingeiona, na kwamba mimi nalilia dhuluma ambayo sikuwahi kufanyiwa. Ana hoja, na baba yake ni mzee wa kweli, alikuwepo siku ya 1969. Tumekubaliana tusigombane wakati wa kula.

Mechi ya mwaka huu ni hapa nyumbani. Nimeshapeleka maombi ya ruhusa, Jumamosi yenyewe na Jumatatu inayofuata. Msimamizi akaniuliza: Jumamosi sawa, Jumatatu ya nini? Naye ni mtu wa Columbus. Kabla sijafungua mdomo, akasaini.