Tuipime Redio Iliyounganishwa na Intaneti kwa Mazungumzo Yake

Nilipozungumza kwa mara ya kwanza na mwendeshaji wa redio aliyeko New Zealand, nilikuwa nimeshika redio ya mkono yenye nguvu ya wati 5 na antena isiyozidi urefu wa kiganja changu. Wimbi langu lilisafiri kilomita chache tu hadi kwenye ripita, mtambo unaopokea sauti na kuirusha upya, iliyo kilimani. Hapo sauti yangu ikageuzwa kuwa pakiti za data, ikapita kwenye intaneti, ikaibukia kwenye ripita nyingine upande wa pili wa dunia na kurushwa tena hewani kwa mtu aliyekuwa na redio ndogo kama yangu. Tulizungumza kwa dakika 40 kuhusu antena, kuhusu watoto wetu na kuhusu namna kila mmoja wetu alivyoingia katika redio ya ridhaa, yaani redio inayoendeshwa na wenye leseni kwa kupenda tu, bila biashara. Siku iliyofuata nilimsimulia mzee aliyenifundisha kusikiliza mawimbi mafupi, naye akanijibu kwa upole kwamba nilichofanya kilikuwa ni simu iliyovalishwa mavazi ya redio. Kauli hiyo iliniuma, na makala haya ni jibu ambalo nimelitafakari tangu siku ile.

Nikiri mapema kwamba hoja ya mzee wangu ina uzito. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1912 iliwasukumia wanaridhaa kwenye mawimbi yenye urefu wa mita 200 kwenda chini, sehemu ambayo wakati huo ilidhaniwa haina faida kwa mawasiliano ya mbali. Mwezi Desemba 1921 Paul Godley, akiwa amepiga hema huko Ardrossan, Scotland, alizisikia ishara za kituo cha ridhaa cha 1BCG kilichokuwa Connecticut, ng'ambo ya Atlantiki. Novemba 1923 Fred Schnell wa Marekani na Léon Deloy wa Nice, Ufaransa, wakawasiliana wao kwa wao kwa mawimbi ya takriban mita 110. Mawimbi hayo yalivushwa na ionosfea, yaani tabaka la juu la hewa ambalo miale ya jua huijaza chembe za umeme, na ambalo hubadilika kati ya usiku na mchana, kati ya msimu na msimu, na katika mzunguko wa jua wa takriban miaka 11. Anayevuka bahari kwa njia hiyo amejifunza saa ya kuita, ameijenga antena yake na amevumilia kelele. Mimi niliyezungumza na New Zealand sikulifanya hata moja kati ya hayo, kwa kuwa bahari ilivukwa na kebo. Ndiyo maana naunga mkono kanuni ya DXCC, tuzo ya waliowasiliana na nchi nyingi inayotolewa na ARRL, chama cha wanaridhaa cha Marekani, ya kutohesabu mawasiliano yaliyopitia ripita za ardhini, na wala sitamani ibadilishwe.

Ninapotofautiana na mzee wangu ni pale anapochukulia kwamba umbali uliovukwa ndiyo thamani yote ya mawasiliano. Yeyote aliyewahi kuita kituo cha nadra kwenye mawimbi mafupi anajua jinsi mambo yanavyokwenda: mamia ya vituo huita kwa wakati mmoja, ishara yako ya mwito, yaani jina la kituo chako kwenye leseni, husikika baada ya saa nzima ya kungoja, unapewa ripoti ya 59, yaani unasikika vizuri kabisa, ambayo karibu kila mtu hupewa, unaaga kwa 73, namba ya kutakiana heri, na kabla sekunde 20 hazijapita mwendeshaji yule amekwisha kumwita mwingine. Naipenda sana furaha hiyo na sitaiacha. Hata hivyo, baada ya mamia ya mawasiliano ya aina hiyo, watu ninaoweza kusema ninawafahamu ni wachache mno. Waendeshaji walionieleza jinsi wanavyokinga vifaa vyao dhidi ya radi, walionisahihisha hesabu za urefu wa antena, au walioniuliza hali ya mgonjwa wangu niliyemtaja mwezi uliotangulia, karibu wote niliwapata kwa njia ya kiungo cha intaneti, kwa sababu njia hiyo hutulia na kumpa mtu nafasi ya kumaliza sentensi yake.

Mifumo yenyewe ni mingi na haifanani, na jambo hili husahaulika katika mabishano. IRLP, iliyoanzishwa na David Cameron wa Kanada mwaka 1997, imejengwa juu ya sharti kwamba mtu aingie kwa redio na atoke kwa redio. Intaneti ni daraja la katikati tu. EchoLink, iliyotengenezwa na Jonathan Taylor wa Marekani na kutolewa mwaka 2002, humruhusu mwenye leseni aingie hata kwa kompyuta au simu bila redio yoyote upande wake. Ikaja pia mifumo ya kidijitali kama D-STAR, DMR na System Fusion, pamoja na hotispoti, kifaa kidogo kinachowekwa mezani, kinachorusha kwa nguvu ya takriban miliwati 10 na kuifikisha redio yako kwenye mtandao wa dunia kupitia intaneti ya nyumbani. Moyo wangu uko zaidi upande wa IRLP, kwa kuwa sharti lake linahifadhi kitu ninachokithamini. Lakini simdharau anayeingia kwa simu. Wako wenye leseni wanaoishi katika vyumba vya kupanga ambako hawaruhusiwi kusimamisha hata waya mmoja, na wako waliolazwa hospitalini kwa wiki kadhaa. Kuwaambia kwamba wao si wanaredio hadi wapate mlingoti ni kuwafukuza watu ambao tayari wamefanya mtihani na kufaulu.

Leseni, kwa upande wake, ni jambo ambalo sitalilegeza. EchoLink humtaka kila mtumiaji athibitishe ishara yake ya mwito kabla ya kuruhusiwa kuunganishwa, na mara nyingi nimesikia wageni wakilalamika kwamba uthibitisho huo unawachelewesha. Wakumbuke kwamba sauti yao itarushwa hewani na mtambo wa mtu mwingine, katika nchi nyingine, chini ya leseni ya huyo mtu. Mwenye mtambo ndiye atakayeulizwa na mamlaka ya nchi yake iwapo asiye na leseni amepita hapo, au iwapo biashara imefanyika kwenye mawimbi ambayo hayakutengwa kwa biashara. Uthibitisho ule ni heshima kwa mtu aliyejitolea umeme wake, vifaa vyake na jina lake ili wewe upate pa kupitia.

Heshima hiyo hiyo ndiyo inayodai adabu ambazo waendeshaji wengi wapya hawafundishwi. Mtu anapobonyeza kitufe cha kuzungumzia, ripita ya kwanza inapaswa kuamka, nodi, yaani kifaa kinachoiunganisha ripita na intaneti, itambue kwamba kuna sauti, pakiti zisafiri, na mtambo wa upande wa pili uanze kurusha. Mlolongo huo huchukua muda, na anayesema papo hapo hupoteza maneno yake ya kwanza, ambayo kwa kawaida ndiyo ishara ya mwito. Bonyeza, hesabu moja kimoyomoyo, kisha sema. Mwenzako akimaliza, ngoja sekunde mbili au tatu kabla ya kujibu, ili anayetaka kuingia apate mlango, na pia ili vituo vyote vilivyounganishwa virudi kwenye hali ya kupokea. Ukosefu wa pengo hilo ndio unaowafanya watu waamini kwamba kituo fulani kina wenyewe na wageni hawatakiwi. Katika EchoLink kuna nodi ya majaribio, namba 9999, inayorekodi sauti yako na kukurudishia uisikie. Dakika moja hapo itakuonyesha kama kipaza sauti chako kiko juu mno, kabla watu wa mabara matatu hawajalazimika kukuambia.

Nalisema hili kwa uchungu wa aliyekosea. Usiku mmoja niliiacha hotispoti yangu ikiwa imeunganishwa na kundi la mazungumzo la dunia nzima, nikaiweka redio kwenye kiti, na kitufe chake kikabanwa na mto. Kwa dakika kadhaa, hadi kikomo cha muda kilipoukata mrusho wangu, vituo vingi sana vilirusha ukimya wa chumba changu, na mazungumzo ya watu waliokuwa wakisaidiana kurekebisha mtambo yakavunjika. Niliomba radhi hewani siku iliyofuata. Tangu hapo hujiunga na kundi kubwa kwa ajili ya kuita tu. Nikipata mtu, tunahamia kwenye kundi dogo au nodi ya pembeni, kwa sababu kuyazungumza mambo yetu mawili matatu kwenye kundi la dunia ni kuwakalia mamia ya watu katika mawimbi yao.

Adabu hiyo huonekana thamani yake wakati wa dharura. Vimbunga vinapokaribia eneo la Karibi na pwani za Atlantiki, waendeshaji hukusanyika kwenye viungo vya EchoLink na IRLP, wakapokea taarifa za upepo na mvua kutoka kwa wenzao walioko katika njia ya kimbunga, na kuzifikisha kwa kituo cha ridhaa cha WX4NHC kilichomo ndani ya Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani huko Miami. Kwenye mkusanyiko wa namna hiyo mia huweza kusikiliza na mmoja akasema, na anayesema husema maneno machache.

Hata hivyo, mtu asiyekubali udhaifu wa njia hii hatakuwa mkweli. Umeme wa mwenye nodi ukizimika, seva ikianguka au kebo ikikatika, redio yangu ya mkono inarudi kufika kilomita chache zile zile za kwanza. Aidha, D-STAR na DMR hutegemea kodeki, yaani programu za kuigeuza sauti kuwa data, zilizobuniwa na kampuni na zisizo wazi kwa kila mtu, hali inayonikera, kwa kuwa wanaridhaa wamezoea kufungua kila kifaa na kujua kinavyofanya kazi. Kazi ya David Rowe wa Australia, aliyetengeneza kodeki huria ya Codec 2, inastahili kuungwa mkono zaidi kuliko inavyoungwa sasa. Kwa sababu hizo, mwenye leseni inayomruhusu kutumia mawimbi mafupi asiridhike na hotispoti pekee. Aifahamu pia njia isiyo na kebo.

Mimi na rafiki yangu wa New Zealand tulifanya hivyo hivyo. Tulipangana kwenye kiungo kwamba tujaribu mawimbi mafupi ya mita 20, tukakubaliana saa kwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, na masafa ya kuanzia, na kila asubuhi iliposhindikana tulirudi kwenye ripita zetu kuelezana kilichosikika na kuamua kitakachobadilishwa. Siku ya tano sauti yake ilitokeza kutoka kwenye kelele, nyembamba na yenye kupandashuka, nikaisoma ishara yake ya mwito mara mbili ili niwe na hakika, tukapeana ripoti, na kabla dakika moja haijaisha ikazama. Katika daftari langu la mawasiliano niliongeza safu moja inayoeleza njia iliyotumika. Mstari wa mawasiliano yetu ya kwanza unasema ripita na intaneti, dakika 40. Huu mwingine unasema ionosfea, chini ya dakika moja. Nilimpelekea mzee wangu daftari hilo. Aliisoma mistari yote miwili, akaniuliza maswali mengi kuhusu ule wa pili, kisha akataka kujua rafiki yangu anaitwa nani na ana watoto wangapi.