Huku wanatoa maksi, kwetu watu walirudi kukaa

Albamu mpya huku Uingereza hutoka Ijumaa. Nikipangiwa shifti ya asubuhi ghalani, natoka saa nane mchana, napita Jumbo, duka la santuri hapa Leeds lililofunguliwa tangu 1971, nashikashika majalada, nalirudisha hili, nalitazama lile. Kununua ni mara chache. Santuri moja mpya inakaribia pauni 30, na mimi bado nina ugonjwa wa kuzidisha kila bei kwa shilingi: hiyo ni laki nzima, bwana.

Kitu kilichonishangaza miaka ya mwanzo ni kwamba wateja wanaingia na hukumu mfukoni. "Hii imepata nane." Hata wimbo mmoja hawajausikia. Mtandao wa Pitchfork, wa kuhakiki muziki, wenyewe unatoa maksi mpaka nukta, kama msahihishaji wa mtihani wa darasa la saba. Mwaka 2006 waliipa albamu ya Shine On ya bendi ya Jet, Waaustralia, sifuri kavu. Hawakuandika hata sentensi moja ya uhakiki. Waliweka video ya sokwe anajikojolea mdomoni. Nilipoiona nilicheka mpaka machozi. Baadaye nikawaza: aliyefanya hivi angekuwa anaishi Sinza, kwetu Dar es Salaam, kesho yake angepitia njia gani kwenda kazini?

Swali hilo silitoi hewani. Niliwahi kuandika kwenye grupu la WhatsApp la wenzangu tuliosoma pamoja kwamba albamu ya msanii mmoja mkubwa wa nyumbani ina nyimbo kumi na nane, zilizoiva ni tatu. Nikazitaja hizo tatu, nikaeleza na sababu. Kabla sijaweka simu chini: "Wivu tu." "Na wewe toa yako tuisikie." "Ukishakaa Ulaya unajifanya mzungu." Mmoja akanifuata pembeni kunionya kwamba namwagia mwenzangu mchanga kwenye ugali. Nilisubiri mpaka usiku atokee mtu wa kunibishia kuhusu wimbo wenyewe, hata mmoja tu. Hakutokea.

Na hatukuzaliwa hivyo. Kwetu baba alikuwa shabiki wa bendi ya Juwata, yaani Msondo, mjomba alikuwa wa Mlimani Park, yaani Sikinde, na chakula cha Jumapili hakikuliwa bila ubishi. Mwimbaji Muhidin Gurumo alipowahama Juwata mwaka 1978 kwenda kuianzisha Mlimani Park, mimi sijazaliwa, lakini kesi hiyo niliikuta bado inasikilizwa sebuleni. Mjomba alikuwa na kipimo chake cha wimbo mpya pale ukumbi wa DDC Kariakoo: ukianza kupigwa na watu wakarudi kukaa, bendi imeshajibiwa. Tarumbeta zimezidi, atasema. Ubeti wa pili hauna maana, atasema. Na Jumapili ijayo anakwenda tena, analipa kiingilio, anawatunza walewale aliowasema. Hakuna aliyemwambia ana chuki.

Ndiyo maana nawaonea Waingereza gere kidogo, pamoja na nukta zao. Hapa mtu anaandika gazetini kwamba bendi kubwa imetoa kazi mbovu, anaweka jina lake, anakwenda zake baa.

Mimi nina yangu ya kusema kuhusu albamu za magitaa za huku, kwa hiyo nayasema hapahapa ambapo grupu haliwezi kunitoa.

Bendi ya Fontaines D.C. ya Dublin walitoa albamu ya Romance Agosti 2024, ikamwagiwa sifa. Kazi tatu za kwanza walitengenezewa na Dan Carey, hii wamempa James Ford, na tofauti unaisikia kama nyumba iliyopakwa rangi: inang'aa, ila ile harufu ya udongo imekwenda. Wimbo wa Starburster siubishii. Ni habari ya mtu aliyeshikwa na hofu ghafla stesheni ya treni ya St Pancras, London, na kwenye kiitikio anavuta pumzi kwa nguvu kama mwenye pumu. Nilipousikia mara ya kwanza na mimi nilivuta. Zinazofuata, nyingi zimelainishwa mno.

Bendi ya English Teacher ni wa hapahapa Leeds. Albamu yao This Could Be Texas iliwapa Mercury, tuzo ya albamu bora ya mwaka, mwaka huohuo, na kwa miaka kumi kabla yake, tangu Young Fathers wa Edinburgh, tuzo hiyo haikuwa imetoka London. Maneno yao yana akili sana. Mara nyingine yana akili kuliko wimbo, na ngoma zinakatakata mpaka mguu haujui ukanyage wapi.

Halafu The Cure, bendi kongwe ya Waingereza. Songs of a Lost World ilitoka Novemba 1, 2024, baada ya kimya cha miaka 16. Jamaa mmoja wa ghalani, Mwingereza wa makamo, alinirudishia kisikizio akiwa amekunja uso: mbona haimbi? Kweli, kwenye Alone zinapita dakika tatu na ushei kabla mwimbaji wao Robert Smith hajafungua mdomo. Kwenye Endsong zinapita sita. Jamaa aliona anacheleweshewa. Mimi niliona niko nyumbani. Kwenye dansi letu maneno hutangulia, mwimbaji anamaliza kisa chake, ndipo magitaa yanaachiwa yachemke mpaka shati liloe. Hawa wameanza na kuchemka, kisa wamekiweka mwisho. Mtu wa Sikinde hana haraka hapo. Kasoro ninayo moja, Drone:Nodrone: gitaa linapiga kelele bila kusema kitu, na ningekuwa ukumbini ningerudi kukaa.

Linaloniuma ni jingine. Duma wa Nairobi, vijana wawili na kelele ya kutisha, albamu yao ya 2020 iliyotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala niliijua nikiwa Leeds, kwa kusoma wahakiki wa Kizungu. Na wahakiki hao, wakiandika, neno Afrika linatangulia, gitaa linafuata. Wanasifu kwa mshangao, kama umemwona mtoto anaendesha lori. Mmoja wa wawili hao, Lord Spikeheart, alitoa albamu yake The Adept mwaka 2024, akamuenzi Muthoni wa Kirima, kamanda wa Mau Mau, bibi wa ukoo wake. Sauti ile inanipandisha nywele. Lakini wageni waalikwa wamejaa mpaka mwenye nyumba unamtafuta. Hilo nilitamani nilisome kwa Mkenya, kwa Kiswahili, amwambie kama mjomba alivyowaambia Sikinde.

Mjomba yupo bado, Temeke, magoti ndiyo yamemsaliti. Mwezi uliopita nilimrushia I Can Never Say Goodbye ya The Cure, ile inayoanza na piano. Kiingereza chake kinaishia "gudi moningi". Sikumweleza chochote. Baada ya saa nzima ikaja sauti yake:

"Marahaba. Nimesikiliza. Huyu wa besi anajijua. Mwimbaji amefiwa?"

Nikamjibu ndiyo mjomba, alifiwa na kaka yake.

"Basi ukimwona mpe pole."