Lupu za C: for, while, na goto inayosemwa vibaya

Katika lugha ya programu ya C, lupu ni kipande cha msimbo kinachorudiwa, na for na while ni njia mbili za kuiandika. Wapo wanaoapa kwamba for ina kasi kuliko while. Hoja hiyo tuiondoe mapema. Andika lupu ile ile ya kuhesabu kwa njia zote mbili, ipitishe GCC (kompaila ya C) kwa -O2, yaani ikiagizwa kuboresha msimbo, kisha tazama asembli (maelekezo ya mashine) inayotoka: kwa kawaida huwezi kuzitofautisha. Kinachobaki ni nani atakayeisoma, na ipi itakukosesha.

Wenye for wana hoja nzito. Kianzio, sharti na hatua vimekaa mstari mmoja, na tangu C99 (toleo la C la mwaka 1999) kihesabio unaweza kukitangaza humo humo, kikafa lupu inapokwisha badala ya kuzagaa kwenye fanksheni nzima. Lakini silaha yao kali ni continue, amri ya kuacha mzunguko huu na kwenda unaofuata. Ndani ya for, continue hupitia i++ (kuongeza kihesabio i kwa moja) kwanza, ndipo sharti lipimwe. Ndani ya while huruka moja kwa moja hadi kwenye sharti, na kama i++ uliiweka chini kabisa, haiguswi. Thamani ya i inabaki vile vile, sharti bado ni kweli, programu inaganda. Yamenikuta, tena zaidi ya mara moja.

Je, while haina la kujitetea? Inalo. Si kila lupu inahesabu. Ukisoma herufi hadi mwisho wa faili, unaoashiriwa na EOF, huna i yoyote:

while ((c = getchar()) != EOF)

Kuilazimisha kazi hii iingie kwenye for ni kumvalisha mtu kanzu ya mwenziwe. (Hakikisha tu c ni int, aina ya namba kamili, si char, aina ya herufi. Ukiitangaza char kwenye mashine ambayo char haibebi hasi, kama Linux juu ya ARM, haitalingana kamwe na EOF, ambayo ni hasi.)

Halafu for nayo ina aibu yake, hasa unapohesabu kurudi nyuma:

for (size_t i = n - 1; i >= 0; i--)

Mstari unaonekana safi kabisa, na ni mbovu. size_t, aina ya namba ya kupimia ukubwa, haijui hasi: ikiwa 0 na ukaipunguza, inarukia namba kubwa kuliko zote inazoweza kubeba. Sharti ni kweli daima, na programu inaanza kupapasa kumbukumbu isiyo yake. Anza na i = n, kisha andika while (i-- > 0); kupunguza kunafanyika ndani ya sharti lenyewe. Wanaosema mtindo huo unachanganya macho hawajakosea, ila macho huzoea.

do-while ina kazi moja: pale jambo lazima lifanyike kabla ya kuuliza, kama menyu inayosubiri chaguo.

Tangu mwanasayansi wa kompyuta Dijkstra alipoishambulia goto, amri ya kuruka hadi mahali pengine kwenye msimbo, mwaka 1968, wengi wameifanya haramu. Lakini break ya C, amri ya kuvunja lupu, hutoka kwenye lupu ya ndani tu. Ukiwa ndani ya lupu mbili, ama ubebe bendera (kigezo cha kuashiria kwamba utoke) na kuipima kila ngazi, ama goto moja ikutoe nje. Mimi nachagua goto, na hata mwongozo wa kernel (kiini) ya Linux unairuhusu kwa usafi wa kabla ya kutoka kwenye fanksheni. Goto ya kupanda juu ili kuunda lupu ndiyo siitetei: msomaji hajui kama yumo ndani ya lupu mpaka afike mwisho wake.